Ulimi mzito, hatua za mlevi: ni kiharusi, ni kifafa, au ni dawa ya kifafa?

Jumapili asubuhi mama mdogo wangu alitoka nyumbani kwake Kadutu kwenda misa ya pili, akashindwa kumaliza ngazi. Zile ngazi za udongo anazipanda na kuzishuka tangu aolewe, hata usiku bila taa. Siku hiyo alifika katikati akaketi, akaukumbatia ukuta wa jirani kwa mikono miwili kama mtu aliye ndani ya mtumbwi, ziwa limechafuka. Bukavu ni mji wa miteremko. Ukiyumba, mtaa mzima unakuona. Nilipofika, hukumu zilikuwa zimeshatolewa. Kijana mmoja alisema ni kasiksi, pombe yetu ya ndizi, tena asubuhi yote hii. Muuza makala alisema ni AVC, maana ndivyo tunavyokiita kiharusi kwetu, kwa herufi za Kifaransa. Mzee mmoja alisema karuho, sumu ya wenye wivu, akaanza kueleza majani ya kumtapisha. Jirani aliyekua naye aliniinamia sikioni: "Ni ile bugonjwa yake tu. Anaangukaka tangu utoto."

Yeye mwenyewe ulimi ulikuwa mzito. Maneno yalitoka yakiburutana, mwisho wa neno moja ukikanyaga mwanzo wa lingine. "Niko nakuona mara mbili," aliniambia, kisha akafumba jicho moja ili nibaki mmoja.

Ana miaka 56. Kifafa anacho tangu akiwa msichana, na kwa miaka 11 sasa anameza karbamazepini, ambayo wengi kwetu wanaijua kwa jina la sandukuni, Tegretol. Ana tansio pia, yaani shinikizo la damu, na kidonge cha tansio. Kwa hiyo pale kwenye ngazi, ukimtoa wa kasiksi na wa karuho, kila mtu alikuwa na hoja. Mwenye tansio anaweza kupata kiharusi. Mwenye kifafa anaweza kuamka baada ya kuanguka mkono mmoja umepooza, kisha mkono ukarudi. Na anayemeza dawa ya kifafa anaweza kulewa dawa yake mwenyewe. Ni mambo matatu yenye sura karibu moja, na kila moja linakudai jambo tofauti kabisa.

Mimi si daktari. Ni mtu wa daftari: ndiye ninayeandika saa za dawa zake, na baada ya Jumapili ile niliwasumbua madaktari na wauguzi hadi fundo likaanza kulegea. Nianze na lile lisilosubiri.

Kiharusi kina ghafla, na kina upande

Kiharusi ni ajali ya mshipa wa damu. Ama donge limeuziba mshipa, ama mshipa umepasuka, na sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa nao inabaki na njaa. Ubongo hauna ghala la akiba; ukikosa damu unanyamaza papo hapo. Ndiyo maana aliyepatwa, au aliyekuwa karibu naye, mara nyingi anaweza kukutajia alichokuwa akikifanya wakati huo: nilikuwa nasonga bugali, nilikuwa nafunga kiatu. Na kwa kuwa kila mshipa una eneo lake, dalili nazo huwa na upande. Mdomo unashuka kulia au kushoto. Mkono mmoja hauinuki, au unainuka kisha unateremka wenyewe. Mguu wa upande huohuo unaburuta.

Kuhusu maneno, kuna jambo ambalo watu wengi hulipita haraka. Ulimi mzito si sawa na maneno yaliyopotea. Mwonyeshe mgonjwa ufunguo, kijiko, kandambili. Mwenye ulimi mzito atasema "ufunguo" kama mlevi, lakini atasema ufunguo. Aliyepotewa na maneno atauita ufunguo kitana, au atautazama machozi yakimlengalenga kwa hasira kwa sababu anaujua na jina haliji, au atamimina maneno yasiyoeleweka bila yeye mwenyewe kujua. Hali hiyo ya pili inaelekeza kwenye kiharusi, au kwenye kifafa chenyewe kinachochezea eneo la lugha. Mara chache sana inatoka kwenye kidonge, labda topiramati, ambayo ina tabia ya kuwaficha watu maneno.

Donge likiwa ndilo lililoziba mshipa, ipo dawa ya kuliyeyusha, na inafaa kutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Haitolewi kabla skana haijaonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja ndani ya kichwa, kwa sababu kwa macho matupu hakuna anayeweza kutofautisha mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka. Skana kwetu ni kitu cha kutafuta, na ni ghali. Watu husikia hivyo wakasema, basi tukimbilie nini? Lakini hospitali ina kazi nyingi hata bila skana: kupima sukari, kufuatilia tansio bila kuishusha kwa pupa, kuhakikisha mgonjwa anameza bila kupaliwa, maana wengi humalizwa na uji ulioingia mapafuni.

Na aspirini muiache kwanza. Siku ile mtu aliileta mbio, imefungwa kwenye karatasi, kwa moyo mzuri kabisa. Aspirini inaizuia damu isigande. Mshipa ukiwa umepasuka, unachohitaji ni damu igande.

Mkono unaolala baada ya kuanguka

Mwaka 1849 daktari Robert Bentley Todd, mzaliwa wa Dublin aliyefanya kazi London, alieleza jambo ambalo familia za wenye kifafa walikuwa wameshaliona bila kulipa jina: baadhi ya watu, baada ya kuanguka, hubaki na mkono au upande mzima usio na nguvu, kisha nguvu inarudi yenyewe. Hadi leo hali hiyo inaitwa kupooza kwa Todd. Inaweza kudumu dakika chache, inaweza kudumu saa nyingi, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 2. Ile sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiwaka moto wakati wa kifafa inabaki imechoka na kuzimika kwa muda. Hakuna mshipa ulioziba wala kupasuka.

Ukiwa umemwona mtu akianguka, mkono ukirukaruka, kisha mkono huohuo ukalala, una fununu nzuri. Tatizo ni kifafa cha usiku. Mtu analala peke yake, anaamka mkono hauna nguvu, na hakuna shahidi. Hapo unatafuta alama: ulimi uliong'atwa pembeni, shuka iliyoloa mkojo, misuli inayouma kama ya mtu aliyebeba mizigo bandarini, kichwa kizito, na ile dakika ishirini ya kutojua yuko wapi. Kiharusi hakiachi alama hizo mara nyingi.

Ila "mara nyingi" si "kamwe". Kiharusi nacho kinaweza kuanza kwa degedege, hasa damu ikivuja. Na kiharusi cha zamani huacha kovu kwenye ubongo, na kovu hilo linaweza kuzaa kifafa. Kwa wazee, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kifafa kinachoanza ukubwani. Kinyume chake pia kipo: mtu aliyeanza kuanguka baada ya miaka 60, bila kisa cha zamani, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi baadaye, pengine kwa sababu mishipa yake imeanza kuharibika kimyakimya. Kwa hiyo mzee anayeanguka kwa mara ya kwanza asipewe tu dawa ya kifafa akarudi nyumbani. Tansio na sukari yake viangaliwe siku hiyohiyo.

Dawa haina upande

Ukishameza kidonge, damu inakipeleka kwenye ubongo wote, kulia na kushoto sawasawa. Kiwango kikizidi, kinachoyumba kwanza ni lile fungu la ubongo lililoko kisogoni, linalopatanisha hatua za miguu, mwendo wa macho na ulimi. Ni fungu hilohilo ambalo pombe hulishika mapema. Ndiyo sababu aliyezidiwa na karbamazepini anatembea miguu imetanuka, anaona vitu viwiliviwili, anaongea kwa kuburuta, anatapika, na ukimwambia atazame pembeni kabisa, macho yake yanarukaruka badala ya kutulia. Kijana wa kasiksi, ambaye nilitaka kumtukana, ndiye aliyekuwa amekaribia ukweli kuliko sisi wote.

Kila dawa ina tabia yake. Fenobarbitali, Gardenal ya wazee wetu, iliingia sokoni mwaka 1912 na bado ndiyo inayopatikana kwenye vituo vingi vya afya kwa sababu bei yake ni ndogo. Haimwangushi mtu kwa haraka, inamzamisha. Inakaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo kosa la dozi la leo unaweza kuliona wiki 2 au 3 baadaye, ukiwa umeshasahau kwamba ulibadilisha kitu. Fenitoini ina hesabu ya ajabu: ini linaimudu hadi kikomo fulani, na baada ya hapo nyongeza ndogo inapandisha kiwango cha damu kwa kuruka. Mtu aliyekuwa sawa na miligramu 300 kwa siku anaweza kulewa kwa 400. Panapopatikana kipimo, kiwango kinachotafutwa ni miligramu 10 hadi 20 kwa lita; kikipita 20 macho huanza kurukaruka, kikifika 30 hatua nazo zinaharibika. Valproati, yaani Dépakine, inatetemesha mikono, na mara chache inapandisha amonia kwenye damu hadi mtu anasinzia na kuchanganyikiwa. Ikiungana na fenobarbitali inaizuia isitoke mwilini, na mgonjwa anaonekana mvivu kumbe amezama. Levetirasetamu huleta usingizi na, kwa baadhi, hasira za ghafla ambazo familia huziita tabia mbaya.

Kwa mama mdogo swali lilikuwa jingine. Kidonge ni kilekile kwa miaka 11. Kwa nini sasa?

Tulimshusha kwa mgongo hadi barabarani, tukapata gari. Daktari wa zamu, kijana mtulivu, alianza na kiharusi, na alifanya vyema. Alimwambia ainue mikono yote miwili, viganja vikitazama juu, afumbe macho, huku yeye akihesabu hadi 10. Mikono ilitetemeka lakini ikabaki juu, yote miwili. Alimwambia atabasamu, mdomo ukapanuka sawa pande zote. Akamtoboa kidole, sukari ikawa sawa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Akamwonyesha funguo za pikipiki yake. "Funguo," mama mdogo akasema, kwa shida, na akaongeza kwamba ziko pete mbili. Kisha akamwambia afuate kidole kwa macho hadi pembeni, na hapo macho yakaanza kurukaruka.

Daktari akaweka kalamu mezani. "Mama, kuna dawa ya mupya ameanza?" aliniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika daftari.

Nikasema hapana. Mjomba akasema hapana. Daftari nalo lilisema hapana.

Lakini daftari lilikuwa na kitu kingine ambacho niliandika bila kukitilia maanani. Ijumaa saa nne asubuhi: kizunguzungu. Ijumaa alasiri: nafuu. Jumamosi saa tano: ametapika, anasema nyumba inazunguka. Jumamosi saa kumi: amekula. Jumapili, karibu saa nne: ngazi. Kidonge chake cha asubuhi ni saa moja. Siku tatu mfululizo, saa tatu hivi au nne baada ya kidonge, mama anayumba. Jioni anakaribia kuwa sawa. Daktari aliisoma mistari hiyo mara mbili. Kiharusi hakifuati saa ya kidonge, alisema.

Ni mama mdogo aliyelitatua, jicho moja limefumbwa. "Labda ile ya jino, Docta."

Jumatano alikuwa amevimba shavu kwa jino lenye usaha. Alienda farmasi ya jirani, akanunua erithromisini ya siku 7. Kwake hiyo haikuwa dawa mpya. Ilikuwa ya jino. Aliyemuuzia hakuuliza, yeye hakusema, nami sikuandika.

Kinu kilichojaa

Karbamazepini haikai mwilini bure. Ini linaivunja, kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, kisha mwili unaitoa. Fikiria mashine ya kusaga muhogo ya mtaani. Kila siku watu wanaleta magunia yaleyale, mashine inasaga, foleni haizidi. Erithromisini inaingia na kuikwamisha mashine. Magunia yanaendelea kuja kama kawaida, hakuna aliyeongeza hata moja, lakini ndani ya siku mbili tatu ua limejaa hadi barabarani. Dozi ya mama mdogo haikubadilika. Kilichobadilika ni kasi ya kuitoa.

Klarithromisini inafanya hivyohivyo. Flukonazoli ya fangasi pia. Izoniazidi, ambayo mgonjwa yeyote wa kifua kikuu anaimeza kwa miezi, nayo imo, na kwetu ambako kifua kikuu hakijaisha hilo si jambo la vitabuni tu. Hata maji ya balungi yanaigusa mashine hiyo. Azithromisini, ndugu wa erithromisini, haina tabia hiyo kwa kiasi cha kutisha, na ndiyo maana inafaa kuuliza kabla ya kununua, si baada.

Na mchezo unakwenda pande zote mbili. Karbamazepini, fenobarbitali na fenitoini zinaiharakisha mashine hiyo kwa dawa nyingine. Vidonge vya uzazi wa mpango vinavunjwa upesi na mama anashika mimba bila kuelewa. Baadhi ya dawa za ukimwi zinapungua nguvu. Artemeta na lumefantrini, dawa ya malaria ambayo kila nyumba inaijua, nayo inapungua. Unapopimwa malaria, sema unameza nini.

Kuna njia nyingine ambazo mtu hulewa dawa yake bila kuongeza kidonge, na moja inapita palepale farmasi. Kwetu dawa ya kifafa mara nyingi inanunuliwa kwa vipande: muuzaji anachukua mkasi, anakata vidonge 10 kutoka kwenye karata, anakupa. Kipande chenye jina na miligramu kinabaki upande wa pili wa mkasi. Fenobarbitali ya 50 na ya 100 zinafanana machoni pa mtu mwenye haraka. Karbamazepini ya kawaida na ile ya kutoka polepole, yenye herufi LP, si kitu kimoja. Ya LP haitwangwi, kwa sababu ukiitwanga dozi iliyopangwa kutoka taratibu inatoka kwa mkupuo. Mwombe muuzaji akukatie upande wenye maandishi. Akinung'unika, anung'unike.

Njia ya pili ni chumvi ya damu. Karbamazepini inaweza kushusha sodiamu, hasa kwa wenye umri, na kidonge cha tansio cha kukojoza kama hidroklorotiazidi kinashusha pia. Vikikutana, mtu anapata kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, na sodiamu ikishuka sana anaanguka kwa kifafa akiwa hajakosa hata kidonge kimoja. Hilo halitibiwi kwa kuongeza chumvi kwenye sombe. Linapimwa.

Pale kanuni inapokusaliti

Ningependa kuishia kwenye "dawa haina upande" na kuondoka, kwa sababu ni sentensi nzuri. Ila ina matundu.

Kuna kiharusi kinachopiga kisogoni, kwenye fungu lilelile ambalo pombe na karbamazepini hulishika. Hicho kinaleta kizunguzungu, kutapika, kuona viwiliviwili, hatua za mlevi, huku mikono yote ikiwa na nguvu. Ukimtazama haraka utaapa ni dawa. Na kinyume chake, mtu aliyewahi kupata kiharusi akapona anaweza, akizidiwa na dawa ya usingizi au ya kifafa, kuonyesha tena ule udhaifu wa zamani, upande uleule, kama jeraha lililofunikwa kwa kitambaa kisha kitambaa kikavutwa. Hapo utaapa ni kiharusi kipya.

Sukari iliyoshuka nayo ni mwigizaji hodari: inaweza kupooza upande mmoja na kupoteza maneno, kisha mtu akapewa glukosi akainuka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwinini ya dripu inashusha sukari. Kwa hiyo mgonjwa wa malaria anayepooza akiwa kwenye dripu atobolewe kidole kabla ya kuitwa mgonjwa wa AVC. Malaria iliyopanda kichwani nayo inaleta degedege na kuchanganyikiwa. Na tramadoli, inayouzwa kwetu kama pipi kwa wabeba mizigo na wenye migongo mibovu, inashusha kizuizi cha kifafa. Niliwahi kumwona jirani aliyekuwa hajaanguka miaka mitatu akaanguka mara mbili kwa wiki moja kwa ajili ya mgongo.

Kwa sababu ya matundu haya yote, nyumbani si mahali pa kuamua. Dalili ikija ghafla, andika saa, mpeleke. Anayejua kwamba mgonjwa ana kifafa asiseme "ni ile yake tu", kwa maana mwenye kifafa hana kinga dhidi ya kiharusi. Mambo haya ya upande, ghafla, ufunguo na kijiko, saa ya kidonge, ni ya kumpelekea daktari ili afike haraka kwenye jibu. Hayatoi ruhusa ya kubaki nyumbani.

Turudi kwa mjomba. Jioni ile, aliposikia neno "dawa", alichukua kopo la mama mdogo, lile la maziwa ya unga anamowekea vidonge vyake, akalifungia sandukuni. Kwake hesabu ilikuwa rahisi: kilichomlewesha kisirudi mdomoni. Namwelewa. Lakini hilo ndilo kosa ninaloliogopa kuliko mengine yote niliyoyataja. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, na zaidi fenobarbitali, ubongo uliozoea kushikwa unaachiliwa kwa mpigo. Kifafa kinaweza kurudi kikiwa hakisimami, kimoja kikipokea kingine. Kikipita dakika 5 ni hali ya hatari, na kinaweza kuua au kuacha ubongo umeharibika. Majani ya kutapisha ya yule mzee wa karuho yangefanya kitu kilekile kwa njia nyingine: kidonge cha asubuhi kingetoka na majani.

Shirika la Afya Duniani linasema watu karibu milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 kati yao wakiishi kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata matibabu sahihi. Mama mdogo ni mmoja wa hao waliopata. Kabla ya karbamazepini aliwahi kuangukia mbabula yenye moto, na waliokuwepo waliogopa kumgusa kwa sababu ya povu, ambalo hata halimwambukizi mtu. Kovu liko kwenye mkono wake wa kushoto. Sitaki mtu amlinde dhidi ya kidonge kwa kumrudisha huko.

Kwa hiyo daktari alikata erithromisini, akampa dawa nyingine ya jino, akapunguza karbamazepini kwa siku chache, kisha akairudisha palepale ilipokuwa. Hakuiondoa hata siku moja. Jumatano alishuka ngazi mwenyewe, polepole, mkono ukutani kwa mazoea tu. Vituo vinavyofuatilia kifafa kwa karibu vipo, SOSAME hapa Bukavu, Tulizo Letu kule Goma, kituo cha Dr Joseph Guislain kule Lubumbashi, na ni vizuri dozi zipangwe na mtu wa namna hiyo badala ya kupangwa na mjomba, au na mimi.

Daftari sasa lina safu ya tatu, yenye kichwa "Dawa nyingine, hata ya jino". Ila mama mdogo halitegemei sana. Mwezi uliopita alipata kikohozi, nikamsindikiza farmasi. Kabla muuzaji hajafungua mdomo, alitoa kopo kwenye mfuko, akalimwaga kauntani: karata zilizokatwa kwa mkasi, kidonge cha tansio, sanduku la Tegretol lililokunjwa, na kile kipande cha erithromisini kilichobaki, amekifunga kwa mpira mwekundu.

"Mama, hizi zote ni zako?" msichana aliuliza.

"Zote. Ile ya mpira siikunywe tena. Angalia kwanza, njo unipe ya kikohozi."